Doi Suthep nimepanda mara mbili, ngoja niwasimulie ya pale katikati

Nimekaa Chiang Mai, kule kaskazini mwa Thailand, mwaka mzima na miezi kadhaa, nilienda kusoma, mimi ni nesi na kwetu ni Lushoto. Toka nirudi watu wananiuliza habari za Bangkok na fukwe, na mimi kila mara najikuta nawapeleka kwenye njia moja tu ya msituni, njia ya kupanda hekalu la Wabuddha lililo juu ya mlima, ambayo nimeipanda mara mbili. Mara ya kwanza ilinilaza kitandani siku mbili. Mara ya pili ndo ile ambayo mpaka leo nikitoka zamu ya usiku miguu imevimba naikumbuka, yaani naiona kabisa. Nasimulia zote mbili maana ya pili bila ya kwanza haieleweki.

Kwanza mjue pakoje. Mji uko bondeni, kama mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, alafu upande wa magharibi mlima unasimama ghafla, unaitwa Doi Suthep, doi ndo mlima kwa watu wa kaskazini. Juu huko ukishavuka mita elfu moja kuna hekalu, Wat Phra That Doi Suthep, usiku wakiwasha taa unaliona toka mjini linang'aa kama limening'inizwa gizani. Kilele chenyewe kiko juu zaidi, mita 1,676, ila watu wengi wanaishia hekaluni. Na wengi wanapanda na gari, kuna pikapu nyekundu za abiria zenye mabenchi mawili mnakaa mnatazamana, wenyewe wanaziita songthaew, mtu wa umri wa baba yangu akiziona atasema hizi si ndo chai maharage zetu. Lakini chini kule, barabara ya Suthep inapoishia baada ya kupita chuo kikuu, kuna njia ya miguu inaingia msituni. Watawa na waumini walipanda kwa miguu kabla lami haijafika. Ile sehemu ya chini huwezi kupotea kirahisi kwa sababu miti imefungwa vitambaa vya rangi ya chungwa, vitambaa vile vile vya mavazi ya watawa, unatembea kidogo unaona mti umevishwa, unatembea tena, mwingine.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu kule ni mwezi mbaya, hili ningeambiwa mapema ningeshukuru. Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne mashamba yanachomwa na misitu inaungua, moshi unashuka bondeni unakaa, saa nne asubuhi jua ni jekundu kama kaa la moto. Na joto juu yake. Siku ile simu ilikuwa inaonyesha nyuzi 37. Mimi nikajiambia mimi ni mtoto wa Usambara, nimepanda milima na kuni kichwani toka niko darasa la pili, huu mlima wa watalii utanifanya nini. Nikatoka saa sita na nusu mchana baada ya kipindi, na chupa ya maji ya nusu lita, raba ambazo soli imeshakwisha, na mwenzangu mmoja, kaka wa Mombasa aliyekuwa anafundisha Kiingereza pale mjini. Yeye alibeba lita mbili za maji na ndizi.

Msitu wa chini kipindi hicho umepukutika. Kuna miti ina majani mapana kama sinia, yakikauka yanaanguka yote, ukikanyaga yanalia mpaka hamsikilizani, na chini yake kuna mizizi na kokoto zinazoserereka. Nyenze wanapiga kelele bila kupumua. Nilikuwa natangulia, kaka nyuma. Kila nikisikia amesimama mimi naongeza mwendo, nadhani nilitaka ajue watu wa milimani tukoje. Kama dakika arobaini na tano hivi njia ikazidi kusimama, mawe, mianzi, kijito pembeni kilichobaki uzi tu wa maji, alafu ukipanda kidogo tu unajikuta umeshaingia ndani ya hekalu bila kujua umeingilia wapi. Hilo ni Wat Pha Lat, hekalu dogo la katikati ya njia. Ntalieleza mbele maana siku ile sikuliona. Niliona choo, niliona watu wamekaa kimya, basi.

Kaka akakaa kwenye ukingo wa mawe akavua kofia. Akaniambia, "Dadangu, hebu tuketi hapa kidogo, twakimbilia wapi?"

Nikamwambia, "Kaka tukikaa misuli itapoa, tutapumzika juu."

"Huko juu kwahama?"

Nikasema saa inakwenda, twende. Tulikaa dakika tano, nazihesabu kwa sababu nilikuwa naangalia saa.

Ukitoka Pha Lat unavuka ile barabara ya lami inayopanda mlimani alafu njia inaendelea upande wa pili, na hapo ndo mlima unapoanza kukuuliza maswali. Vitambaa vya chungwa huku juu hamna kama kule chini, unafuata nguzo za umeme zaidi, udongo mwekundu mkavu unateleza kama umemwagiwa karanga, kuna sehemu unashika mizizi kwa mikono miwili unajivuta. Maji yangu yaliisha dakika ishirini za kwanza. Nikaanza kusikia kichwa kinagonga. Nikaendelea. Alafu nikahisi baridi, nikaona vinyweleo vya mikono vimesimama, kwenye joto lile, na mimi hilo nalijua, nimewafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii hilo kwa miaka, mtu akiwa kwenye jua kali akasikia baridi, kichefuchefu, kichwa kinauma, misuli inabana, huyo mwili umeishiwa maji na chumvi, unamtoa juani unamlaza kivulini unampa maji yenye ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo, na akiacha kutoka jasho au akaanza kuongea vitu visivyoeleweka hiyo ni dharura usisubiri kitu. Nalijua kama sala ya Baba Yetu. Na bado nilipiga hatua nyingine kama hamsini, mpaka misuli ya mapaja yote miwili ikabana pamoja nikakaa chini kwenye vumbi nikatapika.

Kaka hakunisema hata neno moja. Alinivuta kwenye kivuli, akanilowesha kitambaa shingoni, akaninywesha maji yake kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja, anasubiri, kingine. Akanimenyea ndizi. Tulikaa pale karibu saa nzima. Baadaye tukajikokota mpaka tukatokea barabarani, ikawa tayari jioni, na mbele yangu ndo zile ngazi maarufu za hekalu, zaidi ya 300, pembeni zina majoka mawili ya vigae vya rangi yanashuka toka juu mpaka chini, na mimi nimekaa kwenye ngazi ya kwanza nimeshika soda. Sikupanda. Nimetoka mji ule, nimepanda mita mia saba, nimefika mlangoni, nikarudi na pikapu nyekundu nikiwa nimelala kwenye benchi. Hata mji kwa chini haukuonekana, ilikuwa moshi tu.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa miaka 68, nilimwita Paa. Kwa Kithai paa ni dada mkubwa wa mama au wa baba, yaani mama mkubwa au shangazi, na hata asiyekuwa ndugu yako, muuza matunda, dereva, unamwita hivyo kulingana na umri wake, wa juu yako kidogo ni phi, mdogo ni nong, bibi ni yai. Hilo lilinifanya nijisikie nyumbani kuliko kitu chochote kule, nchi ambayo huwezi kumwita mtu mzima jina lake kavu. Basi Paa akaniletea uji wa mchele wenye tangawizi, akakaa kwenye kiti, akatoa simu yake ya kutafsiri. Swali lake la kwanza halikuwa unaumwa wapi. Aliuliza, ulikaa Pha Lat muda gani? Nikamwonyesha vidole vitano. Akacheka kidogo, akatikisa kichwa, akaandika kwenye simu sentensi ikatoka imepinda pinda lakini nikaielewa: hata tembo alipumzika pale.

Hadithi ya tembo ndo hadithi ya mlima mzima, kila mtoto wa Chiang Mai anaijua. Enzi za mfalme Kue Na wa ufalme wa Lanna, mtawa mmoja aitwaye Sumana alikuja toka Sukhothai na mfupa unaoaminika ni wa bega la Buddha mwenyewe. Mfupa ukagawanyika vipande viwili. Kimoja kikahifadhiwa chini, kwenye hekalu la Suan Dok. Kile kingine mfalme akakiweka mgongoni mwa tembo mweupe, akamwachia aende atakako, atakapoishia ndo pajengwe. Tembo akaelekea mlimani. Akapanda, akapumzika njiani, akapanda tena, mpaka kule juu akalia mara tatu, akapiga magoti, akafa. Wakajenga pale, wenyewe wanahesabu toka mwaka 1383. Na alipopumzika nako pakajengwa. Pha Lat ndo pamojawapo.

Mimi niliisikiliza hii hadithi nimelala na uji mkononi na kitu kilichonishika sio muujiza wala mfupa. Ni kwamba wale watu hawakujenga pale alipofika tu. Sehemu mnyama aliyosimama kuvuta pumzi nayo waliona inastahili hekalu.

Alafu Paa akanielezea na barabara, maana mimi nilidhani Pha Lat ni kihekalu tu cha njiani cha kupigia picha. Kumbe zamani ndo palikuwa kituo chenyewe. Kupanda mlima ule ilikuwa safari ya kutwa, mtu akifika Pha Lat anapumzika, wanakunywa maji ya kijito, ndo wanaendelea. Mwaka 1934 mtawa mmoja aliyependwa sana kaskazini, Khruba Siwichai, akawaita watu wajenge barabara mpaka juu. Walianza mwezi wa kumi na moja mwaka ule na mwezi wa nne 1935 gari la kwanza likapanda, zaidi ya kilomita kumi za mlima, miezi mitano na kitu, kwa mikono, majembe na watu wa kujitolea waliokuja toka vijiji vya mbali na chakula chao. Paa alisema babu yake mzaa mama alikuwa mmojawapo. Sanamu ya Khruba Siwichai ipo pale mlima unapoanza na mpaka leo watu wanasimama kumsalimia kabla ya kupanda. Mimi naona alifanya jambo kubwa sana, fikiria wazee wangapi na wagonjwa ambao wasingefika kamwe. Lakini baada ya barabara watu wakawa wanapitiliza tu, Pha Lat ikabaki na watawa wachache na msitu. Paa alivyokuwa anaeleza hakuwa analalamika, alikuwa anaeleza tu.

Usiku ule sikulala vizuri na mawazo yakanipeleka kwa bibi yangu. Bibi alikuwa anashuka toka kijijini kwetu mpaka mnadani Soni na mkungu wa ndizi au kapu la mapeasi kichwani, na mimi nyuma yake na kamzigo kangu. Njiani kulikuwa na mkuyu karibu na kijito. Sikumbuki hata siku moja bibi amepita pale bila kutua. Hata kama hajachoka. Hata kama tumechelewa na mvua inakuja. Anatua kapu, anaweka ngata juu ya jiwe, ananawa uso, anasalimiana na wengine waliotua, ndo habari za msiba wa nani na ndoa ya nani zinapatikana pale, alafu tunatwikana tunaondoka. Pale tulipaita kituoni. Kituo. Mimi neno hili nimelitumia maisha yangu yote, kituo cha basi, kituo cha afya nilichofanyia kazi miaka sita, na sijawahi kulisikiliza kwamba ni mahali pa kutua, mtu akatua mzigo. Nililisikia kwa mara ya kwanza Thailand, nimelala na homa.

Na niseme ukweli, kwenye kazi yetu kukaa ni aibu. Wodini ukionekana umekaa mtu anauliza huyu hana kazi? Mimi nilijivunia kwamba nafanya zamu ya masaa kumi na mawili bila kukaa, nikawa nawaambia wanafunzi wa uuguzi hivyo hivyo, na kuna mmoja alizimia mbele yangu na mimi nikamwambia ajitahidi. Hilo ndo linaniuma kuliko kutapika kule msituni.

Nikasubiri mvua ziishe. Mwezi wa tano mpaka wa kumi njia ile ni tope na ruba, wanakupanda mguuni hujui, Paa akanikataza kabisa. Mwezi wa kumi na moja mwishoni hewa ikawa safi, asubuhi unavaa sweta, na mlima ukaonekana kila jani. Akasema sasa. Akasema na yeye anakuja. Nikashtuka, miaka 68, akaniambia nikiwa na miaka ishirini nilipanda usiku, maana kuamkia Visakha Bucha, ile sikukuu ya kuzaliwa na kuelimika na kufa kwa Buddha, maelfu ya watu wa Chiang Mai wanapanda mlima kwa miguu usiku kwa barabara na mishumaa.

Tukatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Paa, mimi na kaka wa Mombasa. Safari hii nina lita mbili na nusu, pakiti mbili za ORS, viatu vyenye meno, suruali ndefu nyepesi, na khanga kwenye begi, maana hekaluni mabega na magoti lazima yafunikwe na mwanamke akienda na kaptula anaazimwa kitambaa mlangoni. Paa yeye kikapu cha kusuka, ndani wali wa kunata, maembe makavu na maua ya yungiyungi hayajachanua. Viatu vyake vilikuwa malapa ya kamba. Alitembea kwa mwendo ambao mwanzoni ulinitesa, yaani anaweka mguu, anatulia, anaweka mwingine, kama mtu anayepanga vikombe. Baada ya nusu saa nikagundua sijahema hata mara moja. Naongea. Kaka anaongea. Paa anatuonyesha uyoga. Njia ile ile.

Pha Lat maana yake mwamba ulioinama, na ndo palivyo, kuna jabali pana limelala kwa mteremko, kijito kinapita juu yake kikiwa chembamba kama shuka, alafu kinadondokea bondeni, na ukisimama ukingoni mji wote uko chini yako kati ya miti. Sanamu zimeota kuvumwani mpaka nyuso zimekuwa za kijani. Ngazi zina majoka ya mawe ambayo mizizi imeyakumbatia. Hakuna kitu kinachong'aa. Watu wanaongea kwa kunong'ona bila kuambiwa. Nilivaa khanga yangu begani, Paa akashika pindo akauliza hayo maandishi ni sala? Nikamwambia hapana, ni methali, Mgeni njoo mwenyeji apone, nikamtafsiria nilivyoweza. Aliifikiria muda mrefu. Akamuita mtawa mmoja mzee aliyekuwa anafagia majani akamwambia, yule mzee akatabasamu akaingia ndani, akarudi na vikombe vitatu vya chai.

Hapa nilikosea na nawaambia ili wengine msikosee. Nikainuka haraka nipokee kwa mikono miwili, nikapiga na goti kidogo, ndo heshima niliyofundwa kwetu kwa mtu mzima. Paa akanishika mkono akanirudisha. Mtawa haguswi na mwanamke wala hapeani naye kitu mkono kwa mkono. Yule mzee hakukasirika kabisa, alikitua kikombe polepole juu ya jiwe, akarudi hatua moja, ndo mimi nikakichukua pale. Kaka yeye akapokea mkononi kawaida. Nilijisikia vibaya sekunde kadhaa alafu ikapita, maana niliona macho ya yule mzee, aliliona goti langu na alilielewa.

Najua kuna wanaojiuliza, we Mlutheri umebatizwa umekwenda kufanya nini huko. Mama yangu pia aliuliza kwenye simu. Sikusujudu na hakuna aliyenilazimisha. Nilivua viatu, nilifunika mabega, nilikaa miguu nimeikunja nyuma maana kuelekeza nyayo kwenye sanamu ni matusi kwao, na nilisali sala zangu kimya kimya kwa Mungu wangu, nimekaa karibu na mwanamke anayesali zake. Nilimwombea yule mwanafunzi aliyezimia. Sioni nilipomkosea mtu.

Tulikaa saa mbili. Kaka alilala kabisa kwenye kivuli. Paa akanieleza kwamba Pha Lat ina jina lingine la kidini, Sakadagami. Kwenye mafundisho yao kuna hatua nne za mtu anayeelekea kwenye ukombozi, na mahekalu ya njia ya tembo yalipewa majina ya hatua hizo kwa mpangilio, ya mwisho, arahant, ndo la juu. Sakadagami ni ya pili. Maana yake ni yule atakayerudi mara moja. Wao wanamaanisha kurudi duniani, kuzaliwa tena mara moja tu. Alivyosema hivyo akaninyooshea kidole kifuani, akarudia, mara moja, akaendelea kumenya embe lake.

Sehemu ya juu bado ni ngumu, nisiwadanganye. Mapaja yaliwaka moto, tulishika mizizi, nilipita pale nilipotapika nikapatambua kwa ile nguzo. Ila tulikuwa tunasimama kila Paa akisimama, na anasimama bila sababu, anatazama ndege, anafunga kamba ya kiatu. Saa tano na nusu tuko kwenye ngazi za majoka. Kuna lifti pembeni kwa wasioweza ngazi, Paa hakuitazama. Ukimaliza ngazi kuna mfenesi mkubwa, mzee, na mafenesi yake, nilitaka kulia, mfenesi kama wa nyuma ya jikoni kwa bibi, umesimama kwenye mlango wa hekalu upande wa pili wa dunia. Kuna sanamu ya tembo mweupe. Ndani ndo mnara wa dhahabu wenyewe, mita 24, jua limeupiga mpaka unafumba macho, watu wanauzunguka mara tatu mkono wa kulia ukiwa upande wake, na yungiyungi na vijiti vya ubani mikononi. Paa alizunguka na maua yake. Mimi nilizunguka naye nimemshikia kikapu. Nje kuna kengele nyingi zimepangwa mstari, watoto wanazigonga moja moja wakipita.

Toka uwanja wa nyuma mji wote ulionekana, mpaka njia ya ndege kutua. Nikaitafuta Pha Lat kwa macho, kaka naye akaitafuta. Haionekani, miti imeifunika.

Tulikubaliana kushuka kwa miguu, na kushuka kuna kazi yake, magoti yanabeba kila kitu, watu wengi wanaumia hapo kwa sababu wanadhani wameshamaliza, hivyo tulikata fimbo za mianzi iliyoanguka tukashuka upande upande. Hatukuongea sana. Kijito tulikisikia kabla hatujaliona hekalu. Tulipofika kwenye ule mwamba Paa akatua kikapu chake bila kuniuliza, na mimi nikatua begi langu.